Ngumi Isiyogusa

Ngumi nzuri ya filamu haimgusi mtu. Hupita sentimita chache mbele ya shavu, na kamera huwekwa nyuma ya bega la mmoja wa wapiganaji ili lile pengo lisionekane. Anayepigwa hugeuza kichwa wakati uleule mkono unapopita. Akiwahi, mtazamaji anashtukia. Akichelewa, anashtukia zaidi. Kishindo tunachokisikia huongezwa baadaye, picha zinapokatwa na kuungwa. Pigo lililotuinua kwenye mabenchi halikumpata mtu yeyote. Kilichotokea mbele ya kamera ni maafikiano ya watu wawili: mmoja alitoa, mwenzake akapokea, na kila mmoja alikuwa ameukabidhi mwili wake kwa mwenzake.

Ufundi huu ndio ninaotaka kuusifu, na nitausifu taratibu, kwa sababu huku kwetu Kigoma tumeutazama tangu utotoni bila kuambiwa kwamba ni ufundi. Tuliambiwa ni fujo. Wazazi waliogopa kwamba picha za mapigano zingetufanya wahuni, na mtoto aliyekutwa kwenye banda la video saa za shule alijua kitakachompata. Hofu yao niliielewa nilipokua. Lakini macho yetu yalikuwa yameona jambo jingine pale: watu waliokuwa wamefanya mazoezi kwa miaka mingi, wakitumia ujuzi wa kuumiza ili kutuonyesha uzuri bila kumuumiza mwenzao.

Mabanda ya video ya Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi hayakuwa na urembo. Mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni juu ya meza, na nje ubao wenye majina ya picha za siku hiyo yaliyoandikwa kwa chaki. Kwa miaka mingi mji wetu uliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia, na umeme ukikatika katikati ya pambano la mwisho, waliokwisha kuiona picha ile walisimama gizani wakatumalizia wenyewe, kwa maneno, kwa mikono na kwa mateke.

Watu waliokaa kwenye mabenchi hayo walitoka pande nyingi. Kigoma ndiko Reli ya Kati ilikofikia mwisho wake mwaka 1914, na ndiko mizigo na watu hutoka kwenye behewa na kuingia kwenye chombo cha majini. Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne. Katika benchi moja ungeweza kumkuta Muha aliyeshuka kutoka Kasulu, Mmanyema wa Ujiji, Mbembe, baharia aliyetoka Kalemie au Uvira, na mfanyabiashara wa Bujumbura anayengoja boti. Kichina cha filamu hakuna aliyekijua, na maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha yalikuwa ya wachache. Pambano lilipoanza, wote walikuwa sawa. Walijua nani amechoka, nani anajidai, nani ameanza kuogopa. Habari hiyo yote ililetwa na mwili wa mchezaji, na mwili unaoweza kusema hivyo kwa watu wa lugha kumi umefundishwa kazi ngumu.

Ugumu wenyewe unaanzia mahali ambapo mtu hapategemei. Tunadhani bingwa wa karate au kung-fu akipelekwa mbele ya kamera atafanya yale anayoyafanya kila siku. Ukweli ni kwamba karibu kila tabia njema ya ulingoni ni kosa kwenye filamu. Ulingoni mpiganaji huficha pigo. Bega lisitikisike, macho yasielekee pale anapokusudia kupiga, mkono utoke njia fupi kuliko zote na urudi kabla mpinzani hajajua. Mbele ya kamera pigo hilohilo ni hasara: limetoka, limerudi, na mtazamaji hakuona kitu. Inabidi afunguke. Avute mkono nyuma, azungushe kiuno, ayape macho yetu nafasi ya kusoma kusudio lake, kisha aachie. Yaani yule kijana ambaye mwalimu wake alimkaripia miaka yote asioneshe dalili, sasa anatakiwa aioneshe dalili kwanza, na aioneshe vizuri.

Tabia ya pili ni haraka. Kasi ya kweli huwa inaipita kamera. Ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kukataa kuanguka. Mpiganaji amejenga utu wake wote juu ya kubaki wima. Filamu inamwambia: leo utaanguka, utaanguka mara nyingi, na utaanguka kwa namna itakayomfanya mwenzako aonekane hodari. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sijaona mahali ambapo methali hiyo imetimia kama kwenye kazi ya mchezaji wa filamu za mapigano.

Mtazame Bruce Lee kwa jicho hilo. Alizaliwa San Francisco tarehe 27 Novemba 1940, akakulia Hong Kong, na alikuwa ameonekana katika filamu nyingi akiwa mtoto kabla hajawa mpiganaji. Alijifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya kucheza cha-cha Hong Kong, jambo ambalo wengi hulitaja kama kichekesho. Mimi naliona kuwa moja ya nguzo za kazi yake. Mcheza dansi anajua kwamba hatua bila kituo haina maana, na kwamba kituo ndicho kinachomfanya mtazamaji aingojee hatua inayofuata. Sikiliza mapigano ya Bruce Lee ukiwa umefumba macho: kuna kimya, kuna mapigo matatu ya harakaharaka, kuna kimya tena. Huo ni mdundo, na mdundo ule haukutoka ulingoni.

Alipoigiza Kato katika mfululizo wa televisheni wa The Green Hornet, mwaka 1966 hadi 1967, ilibidi apunguze kasi kwa sababu kamera ilikuwa inaambulia ukungu tu. Fikiria unyenyekevu unaotakiwa hapo. Mtu ambaye sifa yake yote ni wepesi anaambiwa aupunguze, naye anakubali, kwa sababu ameelewa kwamba wepesi usioonekana haumfai mtazamaji. Hali ni hiyohiyo kwa mateke. Katika mafunzo yake alihimiza teke la chini, la kwenye goti au muundi, maana ndilo la haraka na la salama. Kwenye filamu aliruka na kupiga teke la kichwani, maana ndilo linaloonekana hadi benchi la nyuma. Alijua kwamba hizi ni kazi mbili, na hakuruhusu moja iidanganye nyingine.

Mwaka 1970 aliumia mgongo vibaya akiwa mazoezini, akalazimika kulala kwa miezi. Mwaka uliofuata alicheza The Big Boss, mwaka 1972 ikaja Fist of Fury, na mwaka huohuo The Way of the Dragon aliyoiandika, kuiongoza na kuwa steringi wake. Humo ndimo lilimo pambano la Roma, ndani ya Colosseum, kati yake na Chuck Norris, ambaye alikuwa bingwa wa karate wa kweli. Wale ambao tumeliona mara nyingi tunajua kwamba halianzi haraka. Wapiganaji wanajinyoosha kwanza. Wanavunja viungo vya vidole, wanazungusha shingo, kila mmoja upande wake, na paka mdogo anawatazama. Hakuna anayemrushia mwenzake matusi. Tunaelewa kwamba hawa wawili wanaheshimiana, na kwamba mmoja wao hatatoka.

Kisha Bruce Lee anapigwa. Anapigwa sawasawa, anakwenda chini. Steringi wetu yuko chini! Bandani palinyamaza kila mara, hata kwa waliojua mwisho. Anaponyanyuka hapigani tena kwa mtindo ule wa kwanza. Anaanza kurukaruka kwa nyayo, anaingia na kutoka, anabadilisha kipimo cha umbali. Alikuwa amezitazama sana picha za mapambano ya Muhammad Ali, na miguu ile inasema hivyo bila siri. Kuanzia hapo Norris ndiye anayebeba pambano, na hapa nawaomba watazamaji wamtazame yeye. Ngumi zake zinaanza kukosa. Pumzi inakuwa nzito, mabega yanashuka, uso unaonyesha mtu ambaye elimu aliyoitegemea maisha yote imemwacha njiani. Bingwa wa ulingoni anatuigizia kushindwa, na anatuigizia kwa ukamilifu kiasi kwamba tunamhurumia. Mwishoni, akiwa amevunjwa mkono na mguu, anakataa kusalimu amri. Mshindi anaufunika mwili wake kwa nguo yake ya karate na mkanda wake mweusi. Ushindi wa Bruce Lee usingekuwa na uzito wowote kama Norris hangekubali kuanguka vile.

Huku Kibirizi, boti inapopakua, kuna vijana wawili ambao huwa nawatazama: mmoja yuko ndani ya chombo, mwenzake amesimama majini, na mzigo unarushwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine huku chombo kikiyumba. Anayerusha haachii mpaka ameona macho ya anayepokea, na anayepokea huwa ameshapiga goti kabla mzigo haujaondoka mkononi mwa mwenzake. Pigo la filamu hutolewa hivyohivyo. Aliye hodari zaidi kati ya wale wawili ni vigumu kumsema, lakini mzigo ukianguka kwenye maji tunajua wa kulaumiwa mara nyingi si aliyerusha peke yake.

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla filamu yake Enter the Dragon haijaonyeshwa Marekani. Kati ya vijana waliokuwa wakipokea vipigo katika filamu zake alikuwamo Jackie Chan. Katika Fist of Fury yuko pale adui mkuu anapopigwa teke na kupasua ukuta akitupwa nje: mwili unaoruka ni wa Jackie, aliyesimama badala ya mchezaji mwenyewe. Katika Enter the Dragon ni mmoja wa walinzi wanaoangushwa. Alikuwa amelelewa katika shule ya opera ya Kichina Hong Kong tangu akiwa na miaka saba, chini ya mwalimu mkali Yu Jim-yuen, akijifunza kuimba, kupinduka, kusimama kwa mikono na kushika silaha, pamoja na akina Sammo Hung na Yuen Biao. Kwa hiyo kazi yake ilianza kwenye upande wa kupokea.

Na ninaamini upande huo ndio uliomfanya awe alivyo. Alipopewa nafasi ya kuwa steringi kwa namna yake mwenyewe, katika Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, zote za mwaka 1978 na zote zikiongozwa na Yuen Woo-ping, aliingia na steringi wa aina nyingine: anayepigwa sana, anayeumia, anayepuliza mkono wake baada ya kumpiga mtu mgumu. Bruce Lee alitufundisha kutamani. Jackie Chan alitufundisha kuona gharama. Katika Project A ya mwaka 1983 anaanguka kutoka mnara wa saa, akipasua maturubai mpaka ardhini. Katika Police Story ya mwaka 1985 anateleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa zenye umeme, ndani ya jengo la maduka, anapasua kioo na kutua chini, na mikono ikaungua. Kisha, filamu ikiisha, anatuwekea vipande vya makosa: miruko iliyoharibika, watu wanaoinuliwa kutoka sakafuni, damu ya kweli, kicheko cha maumivu. Bandani hakuna aliyetoka kabla ya vipande hivyo kwisha. Kwa wengi wetu hilo lilikuwa darasa la kwanza la ufundi. Tuliona kwamba kila kitu kilichokuwa chepesi dakika tano zilizopita kilijaribiwa, kikashindikana, kikarudiwa.

Kurudia huko ndiko hasa kunakonifanya nivue kofia. Kwa Dragon Lord ya mwaka 1982 inatajwa kwamba kipande kimoja cha mchezo wa kupiga kishada cha manyoya kwa mguu kilirudiwa zaidi ya mara 2,900. Hata ukiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, bado una mtu aliyekataa kuridhika siku baada ya siku kwa ajili ya sekunde ambazo mtazamaji atazimeza akiwa anatafuna karanga.

Sasa tuvuke kuja kwenye ukanda wetu, maana kazi hii haikubaki Hong Kong. Karate ilishika mizizi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ambako Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alifundisha mtindo wa Goju-Ryu. Kutoka kwenye mazoezi ya aina hiyo na mabanda ya video wakatoka Watanzania waliotaka kuyafanya mapigano kuwa filamu, miongoni mwao Jimmy Mponda, aliyefahamika kwa jina la Jimmy Master, na filamu yake Misukosuko, ambamo Sebastian Mwanangulo, Inspekta Seba wa mashabiki, naye alionekana. Waliifanya wakati filamu zetu nyingi zilikuwa za mapenzi na uchawi, zikipigwa sebuleni, na wakatoka nje kwenda kukimbia na kuanguka.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kiko Kampala, katika mtaa wa Wakaliga. Huko Isaac Nabwana, mzaliwa wa mwaka 1973 aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions mwaka 2005, nayo ikapata jina la Wakaliwood kutokana na mtaa huo. Utotoni Nabwana hakuwa akienda kwenye ukumbi wa sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda, akarudi na kumsimulia, na yeye akazijenga picha kichwani. Mtu wa Kigoma anamwelewa papo hapo, kwa sababu na sisi tulimaliziwa picha nyingi kwa masimulizi.

Mpiganaji wa Wakaliga anaitwa Charles Bukenya, na jina lake la kazi ni Bruce U, yaani Bruce wa Uganda. Ni mwalimu wa kung-fu. Katika Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa kwa fedha zinazotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani, ndiye nduguye Kapteni Alex, anayekuja kumtafuta muuaji. Bunduki za filamu hiyo zilichomelewa kwa vyuma chakavu na Dauda Bisaso, ambaye pia aliunda mtambo wa kunyanyulia kamera. Milipuko ilitengenezwa na Nabwana kwenye kompyuta alizoziunga mwenyewe. Damu ya bandia ilifungwa kwenye kondomu ili ipasuke kifuani kwa wakati wake. Haya yote husimuliwa mara nyingi, na wageni huyacheka kwa upendo. Nionavyo mimi, wanapita bila kutazama kitu kimoja ambacho hakikuwa bandia.

Mapigano hayakuwa bandia. Namaanisha kwamba bunduki ya chuma chakavu inaweza kusaidiwa na kompyuta, helikopta inaweza kuchorwa, jengo linaweza kulipuliwa bila kuguswa, lakini teke la Bruce U lilipaswa kurushwa na mguu wa Bruce U, na yule aliyelipokea alipaswa kuanguka kwenye udongo wa kweli. Hakukuwa na magodoro mazito ya studio wala kamba za kumning'iniza mtu hewani. Kulikuwa na kiwanja, majani, na vijana waliokuja kwa mapenzi yao. Pale ambapo fedha hazipo, ufundi wa mwili unakuwa ndiyo bajeti yenyewe. Bruce U alilazimika kuwa mchezaji na mwalimu kwa pamoja: awafundishe kwanza wale atakaowapiga namna ya kupigwa, ndipo apige. Ukitazama kwa makini utaona umbali ukipimwa, utaona anayeanguka akigusa ardhi kwa upande wa bega kabla ya mgongo, na kidevu kikiwa kimefichwa. Mtu hazaliwi akijua hayo. Kuna mtu amekaa naye, asubuhi nyingi, akamwambia anguka tena.

Na Bruce U hakuishia kwa wachezaji wakubwa. Anawafundisha watoto wa mtaa kung-fu, na kutoka kwao kikakua kikundi cha watoto waigizaji. Kazi ya filamu yao ilikuwa ya ushirika: wachezaji hawakulipwa mshahara, walitembeza nakala za filamu mlango kwa mlango, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya filamu, wakiwahi kabla wezi wa nakala hawajajaza soko. Mwaka 2019 filamu yao nyingine, Crazy World, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Safari hiyo ndefu ilianza kwa mtu aliyejua kung-fu na mtu aliyejua kuota ndoto, katika uwanja wa nyumba.

Jambo moja la kisa hicho linatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Nakala ya awali ya Who Killed Captain Alex? haipo tena, kwa sababu Nabwana alihitaji nafasi kwenye kompyuta yake kwa kazi iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, mtambaji wa filamu, anayechekesha, anayetafsiri na kuwashangilia wapiganaji juu ya picha. Sisi tulimjua Lufufu, Derek Mukandala wa Dar es Salaam, na baadaye DJ Afro wa Kenya, kwa kazi ya ukoo huohuo. Wako wanaolalamika kwamba sauti hizo huharibu filamu. Nilivyoziona bandani, ziliwafanyia wapiganaji kile ambacho manju humfanyia mchezaji wa ngoma: zilimtaja, zilimsifu, zilituonyesha hatua ambayo tungeikosa. Mchezaji hukua zaidi akiwa na mtu wa kumtaja.

Maana hii kazi ya mpiganaji kugeuka mchezaji si ngeni katika eneo la Maziwa Makuu. Huko Rwanda intore walikuwa vijana waliofundishwa vita na dansi kwa pamoja katika himaya ya mfalme, na mpaka leo dansi yao ina mkuki, ngao, adui asiyeonekana na ushindi. Wapiga ngoma wa Burundi, majirani na ndugu wa lugha wa Waha, hutoka mmoja mmoja mbele ya ngoma na kuruka juu kwa ukali uliopimwa. Kabla ya kamera, watu wa ukanda huu walikwisha kujua kwamba nguvu ya kivita ikiwekwa ndani ya mdundo na kuoneshwa kwa uwazi huwa sanaa, na kwamba anayeionesha anahitaji nidhamu kuliko anayeitumia. Kijana wa Ujiji anayemwiga Bruce Lee mchangani hajaenda mbali na nyumbani kama anavyodhaniwa.

Nao wapo. Jioni, kandokando ya ziwa, utawakuta wakipiga samasoti kwenye mchanga, wakijirusha majini kutoka kwenye mitumbwi iliyofungwa, wakirekodiana kwa simu. Mmoja anarusha teke, mwenzake anajitupa nyuma, wote wanakimbilia kutazama kilichotoka, kisha wanarudi kufanya upya kwa sababu pengo limeonekana, au teke limekuwa ukungu tu. Hawajui kwamba wamefika kwenye tatizo lilelile lililomkabili Bruce Lee mwaka 1966. Wanalitatua kwa njia ileile: kuisogeza kamera, kupunguza kasi, kumwomba mwenzao achelewe kidogo kugeuza kichwa. Ningependa mtu mzima mwenye ujuzi asimame karibu nao, awafundishe kuanguka kwanza. Kuanguka ndilo somo la usalama, na ndilo somo la heshima. Kijana aliyezoea kupokea anajua maumivu ya mwenzake, na akipewa nafasi ya kupiga atapiga kwa adabu.

Mwaka 2016 Jackie Chan alipewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Mwaka 2025 taasisi inayotoa tuzo hizo ilitangaza kwamba itaanza kutoa Oscar kwa ubunifu wa michezo ya hatari, kuanzia filamu za mwaka 2027, na tuzo ya kwanza itatolewa mwaka 2028 katika hafla yao ya 100. Karibu karne nzima imepita, tuzo zikienda kwa anayeshona nguo, anayepamba sura, anayerekodi sauti, na wote walistahili, huku anayetupwa ukutani akiambiwa ajifute vumbi. Nimefurahi kwamba wamefika. Ila sisi hatuna haja ya kungoja Marekani ndipo tujue la kufanya. Watengenezaji wa filamu wa Tanzania wanaweza kuanza na hatua ndogo isiyogharimu kitu: majina ya waliopigwa, waliotupwa na waliopanga mapigano yaandikwe mwishoni mwa filamu kwa herufi zilezile za steringi, na mtambaji wa filamu ayasome kwa sauti, moja baada ya jingine, banda zima liyasikie.